Coleta wa Fyeka Leo na Bustani Iliyopigwa Matuta

Siku Coleta binti Valerian alipowaambia watu wa kwao kwamba ameacha kuuza vocha stendi ya Sumbawanga, na kwamba sasa kazi yake ni kuwawezesha watu wa mjini kuagiza mkata majani kwa simu kama wanavyoagiza bodaboda, walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Baba yake alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Yeye hakucheka. Aliuliza tu.

"Hao wenye majani hawana mikono?"

"Wanayo, baba. Ila wanashinda ofisini."

"Na hao wakata majani hawana miguu ya kwenda kuomba kazi?"

"Wanayo pia. Ila hawajui wagonge mlango upi."

Mzee Valerian akatupa gunzi kwenye kikapu. "Haya, nenda ukawaonyeshe milango. Ukichoka, jembe lako lipo nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuna atakayeligusa."

Watu wakacheka tena, maana walidhani mzee amemaliza mchezo. Coleta akaaga, akapanda bodaboda, akarudi mjini.

Huyo Coleta alizaliwa kijiji kile kilicho chini ya milima ya Mbizi, upande ambao upepo unapita ukiwa na meno, na mtoto huvishwa sweta kabla hajajua viatu. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya kubebea, na tabia moja iliyomchosha mama yake: akishasema jambo, halirudi. Akiwa bado mtoto wa shule aliapa hatachota maji kwenye kisima walichofulia watu nguo. Basi akawa anapanda mlima na ndoo mpaka chemchemi, kila siku peke yake, na akirudi anakunywa maji yake polepole huku akiwatazama wenzake. Mama yake akasema, "Huyu ataolewa na jiwe." Mpaka leo jiwe lenyewe halijajitokeza.

Alipomaliza kidato cha nne, ada ya kuendelea ikawa haipo. Akaenda mjini kufanya kazi za ndani kwa mwalimu mmoja wa Izia. Stoo ya mwalimu ilikuwa na mashine ya kukatia majani, ile ya kusukuma kwa mikono, imeliwa na kutu, kuku wanalalia mayai ndani yake. Coleta akaifungua, akainoa kwa tupa, akaipaka mafuta ya cherehani, akaisukuma. Majirani wakasikia mlio usiojulikana, wakachungulia juu ya ua. "Dada, hebu njoo na huku kwetu." Ndivyo ilivyoanza, na aliyesema ilianza kwa bahati hajawahi kunoa chuma chenye kutu.

Baadaye, akiwa na kibanda chake cha vocha, aliona jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona na hakuna aliyelitia maanani. Mvua ikishaingia Novemba, majani ya Sumbawanga hayangoji mtu. Ukilala yako kwenye kifundo cha mguu, ukiamka yamefika gotini. Watu wenye nyumba walikuwa wanakuja kibandani wakiuliza, "Humjui mtu wa kunifyekea?" Na wenye mafyekeo walikuwa wamekaa sokoni wameegemea ukuta, wanangoja kuitwa na mtu asiyejua kwamba wapo. Coleta akaanza kushika namba za hawa na za wale. Kisha akaunda kundi la wasapu. Kundi likajaa kelele, maana watu walituma salamu za asubuhi na picha za watakatifu mpaka maombi ya kazi yakapotea katikati. Hapo ndipo akamwendea Steven, fundi simu wa kibanda cha pili.

"Nataka kitu kisicho na salamu," akamwambia. "Mtu aingie, aonyeshe nyumba ilipo, achague siku, apige picha ya majani yake, aondoke. Akishafyekewa, atoe nyota, tangu moja mpaka tano."

"Poa, dada. Na wafyekaji wako wasiojua kusoma je?"

"Hao simu itawaambia kwa mdomo."

Na kweli ikawa hivyo. Steven alikijenga chombo hicho mtandaoni, wakakiita Fyeka Leo, na sauti iliyokuwa inasema na wafyekaji ilikuwa ya Coleta mwenyewe: "Mama, ipo kazi Katandala. Kesho asubuhi. Majani yamefika gotini. Ukiikubali, bonyeza moja." Wanawake wa vijijini ambao hawakuwahi kushika kalamu wakawa wanabonyeza moja kwa kidole gumba chenye udongo, na asubuhi wanapanda gari la kwenda mjini. Aliyekuja kubeba majani yaliyokatwa ni Nyanda, Msukuma mwenye ng'ombe nje kidogo ya mji, na mkokoteni wake wa maksai. Majani ya watu yakawa chakula cha ng'ombe, na maneno ya Nyanda yakawa kichekesho cha kazi.

"Watani," alikuwa anawaambia akina mama, "nyinyi Wafipa mnafyeka vizuri, ila naona mnavyoyatazama haya majani. Mnatamani kuyazika."

"Pita na ng'ombe zako," wanamjibu. "Zenyewe zimekushinda akili."

Alikuwa anatania. Lakini alikuwa ameliona jambo.

Maana Ufipa majani hayatupwi. Hilo ndilo ambalo mgeni halielewi akipita huku anaona mashamba yamejaa vichuguu vya mviringo kama mikate iliyopangwa kwenye sinia. Mvua inapokaribia kuisha, majani yakiwa yamenona, mtu huyapinda, huyafunika kwa udongo uliokatwa pamoja na mizizi yake, hulifanya tuta la duara. Ndani yake majani yanaoza taratibu, na mwaka unaofuata tuta linasambazwa, ulezi unapandwa juu ya uozo ule. Tuta hilo ndilo ntumba. Bibi zetu walishibisha nchi nzima kwa ntumba kabla mfuko wa mbolea haujaonekana. Mwanamke wa Kifipa akiona majani mazito mwezi wa Machi, mikono yake inajua yenyewe, haiombi ruhusa.

Mwezi huohuo wa Machi, Mzee Leonidas wa Katandala akaagiza.

Huyu Mzee Leonidas alikuwa karani wa mahakama, sasa amestaafu, na ni mgane. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na bustani ya ukoka ambayo mtaa mzima uliiheshimu kama altare. Waliupanda yeye na marehemu mkewe, kipande kwa kipande, wakiwa wamepiga magoti. Mtoto hakukanyaga pale. Kuku hakukanyaga. Mwaka huo binti yake, Herieth, alikuwa anaolewa, na mzee alikuwa ametangaza kwamba sherehe ya kumuaga itafanyika mwisho wa Mei juu ya ukoka wa mama yake. Siku zote aliukata mwenyewe, ila mgongo ulikuwa umemkatalia. Akapata msiba Kirando, akaagiza Fyeka Leo wapunguze ukoka wakati hayupo, akamwachia jirani ufunguo wa geti.

Coleta alipoona jina lile kwenye simu, alisimama. Katandala ndiko kwenye nyumba nyingi zenye bustani, na watu wa kule walikuwa bado wanamsitasita. Kila aliyeulizwa alikuwa anasema, "Ngoja tuone Leonidas atasemaje." Akimkubali, mtaa umekubali. Akimkataa, basi Fyeka Leo ingebaki ya kufyeka vichaka nyuma ya maduka.

Asubuhi ya siku hiyo akawatanguliza wanawake wapya, kundi la Mama Kalista. Mama Kalista alikuwa dada mkubwa wa mama yake, mjane, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Kazi waliyokuwa wamefanya mpaka hapo ni kufyeka pori la shule moja. "Mtangulie, mama mkubwa," Coleta alimwambia. "Mimi nakwenda kwa fundi wa kunoa kuchukua mashine, nawafuata." Hakusema zaidi. Hakuona la kusema zaidi.

Fundi alichelewa. Kisha mvua ikashuka, bodaboda iliyombeba yeye na mashine yake ikazama kwenye tope la Chanji, wakawa wanaivuta kama punda aliyegoma. Alipofika Katandala jua lilikuwa limeshapanda na kuanza kushuka. Akasukuma geti.

Ukoka haukuwepo. Mbele ya nyumba ya Mzee Leonidas, kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi, kulikuwa na ntumba safu kwa safu, za mviringo, zinalingana kana kwamba zimepimwa kwa kamba. Akina mama wamesimama kando wameegemea majembe, wanajipangusa jasho, nyuso zinang'aa kwa kazi iliyokamilika.

"Tumekungoja mpaka tukaona haya," alisema Mama Kalista. "Tukae tukitazama majani kama ng'ombe walioshiba? Ona mwenyewe. Ntumba za Machi hizo! Mwakani apande ulezi hapa, atakosa ghala."

Coleta akakaa juu ya mashine.

"Mama mkubwa, mwenye nyumba alikuwa anayapenda haya majani."

"Anayapenda? Ana ng'ombe?"

"Hana."

"Mbuzi?"

"Hana."

"Sungura je?"

"Mama mkubwa, hana mnyama."

"Sasa majani anayapendea nini?"

"Anayatazama."

Akina mama wakageukiana. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Anayatazama tu?" Hakuna aliyecheka. Mama Kalista akazitazama ntumba zake, akamtazama mpwa wake, akafunga kanga yake upya kiunoni. Hakusema pole. Alikuwa bado anaona kazi yake ni nzuri, na kwa kweli ilikuwa nzuri.

Mzee Leonidas alirudi alasiri ileile na mfuko wa dagaa begani. Coleta hakukimbia. Aliwaambia akina mama waende, akabaki peke yake kwenye ngazi. Mzee akasimama getini, macho kwenye safu zile.

"Mmenizikia nani humu?"

"Shikamoo, baba. Kosa ni langu. Hawa kina mama sikuwaeleza, wao wamefanya wanachokijua."

"Wageni wa Herieth watakaa juu ya makaburi haya?"

"Watakaa juu ya ukoka, baba."

"Ukoka upi?"

"Huohuo wako. Nitaurudisha."

Mzee akauweka mfuko wa dagaa chini. "Binti, nimekaa mahakamani maisha yangu yote nikisikia watu wakiahidi. Maneno hayaoti mizizi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kabla ya jua kuzama akapiga picha ya ntumba zile, akaiweka Fyeka Leo na nyota moja, na maneno yake yalikuwa machache kama ya hukumu: *Niliagiza wakata majani. Nikaletewa wakulima.*

Picha ikatembea. Ikaingia kwenye makundi ya jumuiya, ya wafanyabiashara, ya wanakwaya. Mji mzima ukacheka. Nyanda alikuja na mkokoteni mtupu, analalamika ng'ombe wamenyimwa haki yao. "Si niliwaambia? Mfipa mpe kitanda, atakipiga tuta!" Steven akamjia Coleta mbio, simu mkononi.

"Dada, naifuta hii. Nimekijenga kitu mwenyewe, ni kubonyeza tu."

"Ukiifuta hiyo, na zile nyota tano zifute."

"Kwa nini? Zile ni nzuri."

"Kwa sababu mtu akijua tunafuta mbaya, ataamini nani kwamba nzuri hatujaziandika sisi? Iache. Andika chini yake kwamba ni kweli, na tunatengeneza."

Steven akaandika, anatikisa kichwa.

Asubuhi simu ikaita. Mwalimu mmoja mwanamke wa Kizwite. "Hao waliopiga ntumba kwa Leonidas ndio nyinyi?"

Coleta akavuta pumzi. "Ndiyo, mama. Na tunaomba radhi."

"Radhi ya nini? Nina kiwanja nyuma ya nyumba, kimelala mwaka wa ngapi huu. Vijana wangu wanajua kushika simu tu. Sijaona ntumba zilizokaa vile tangu bibi yangu afariki. Nitumie hao hao kesho."

Alipokata, ikaita nyingine. Muuza nafaka mwenye shamba barabara ya kwenda Muze. Kisha muuguzi. Kisha masista. Watu waliokuwa wamekuja mjini na kusahau udongo, au kuona haya kuushika, wameiona picha ile ya aibu na ndani yao kitu kimeamka. Mpaka mchana chombo cha Steven kilikuwa kimefurika maombi kuliko tangu kizaliwe, na karibu yote yalikuwa ya ntumba. Steven alikuwa anaruka kibandani.

"Dada, tumetoka! Mzee katusaidia bila kujua!"

Coleta alikuwa anayasoma maombi, moja baada ya jingine. Alipomaliza akaifunika simu.

"Waambie wote wangoje," akasema. "Hakuna tuta la mtu litakalopigwa mpaka ukoka wa Mzee Leonidas umerudi ardhini."

Steven alidhani hakusikia vizuri. "Dada, mvua zinaisha. Msimu wa ntumba hauna wiki nyingi. Wakingoja, umepita. Baraka zinakunyeshea na wewe unafungua mwavuli?"

"Nimemwambia nitaurudisha."

"Utaurudisha baada ya msimu!"

"Baada ya msimu mvua haipo, na ukoka utashika kwa maji gani? Ya machozi yako?"

Akamwendea Mama Kalista. Huko ndiko alikopata ukuta wenyewe, maana ukaidi wa Coleta haukudondoka kutoka mbinguni, ulikuwa na ukoo wake. "Kazi zinatuita," alisema Mama Kalista, "na wewe unataka tukae. Nimekubali. Lakini kuvunja ntumba mbichi, majani hayajaoza? Sijawahi na sitawahi. Bibi yako angefufuka anichape."

"Basi msinisaidie, mama mkubwa. Lakini ntumba za wengine hatupigi."

Coleta akapanda bodaboda mpaka kwao. Baba yake alikuwa palepale kibarazani. Alipomwona binti anapita moja kwa moja kwenda jikoni na kutoka na jembe, akauliza, "Umechoka?"

"Hapana, baba. Nimeharibu, nakwenda kutengeneza."

Mzee Valerian akalichukua jembe lile, akaugonga mpini kwenye jiwe kuona kama umekaza, akalichovya kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe ushike, akamrudishia. Safari hiyo hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

Akaanza peke yake. Mzee Leonidas alimfungulia geti bila salamu, akaenda kukaa dirishani na kikombe chake cha chai. Kazi yenyewe haikuwa ya nguvu tu. Kila ntumba ilibidi ifunguliwe taratibu, ukoka utolewe ndani ambako ulikuwa umelala kichwa chini, utikiswe udongo, uchambuliwe nyuzi zilizo hai na zilizoanza kuoza, uoshwe kwenye beseni. Kisha ardhi isawazishwe. Kisha upandwe upya, uzi kwa uzi, kwa magoti, kama mzee na mkewe walivyoupanda. Mpaka jioni Coleta alikuwa amefungua safu isiyofika hata nusu, mikono imevimba, na ule upepo wenye meno umemfuata mpaka Katandala.

Kesho yake, akiwa ameinama, akasikia sauti ile ya ng'ambo ya bonde.

"Unavunja ntumba kama unaua nyoka!"

Mama Kalista alikuwa getini, jembe begani, wenzake nyuma yake.

"Ulisema hutavunja, mama mkubwa."

"Na sivunji. Nakuonyesha. Mtoto wa Valerian asije akasemwa hajui hata kuharibu." Akaingia, akalizamisha jembe chini ya tuta, akaligeuza mara moja, ntumba ikafunguka nzima bila kuvunja uzi wa ukoka. "Hivi. Na hivi." Kwa kuonyesha huko akamaliza safu nzima, na akina mama wengine nao wakawa wanaonyesha. Hakuna aliyesema amekubali jambo lolote.

Ukoka hauna adabu ya kufa. Nyuzi nyingi walizozitoa zilikuwa bado na kijani ndani, nyingine zimeanza kuchomoa vimizizi vyeupe huko gizani. Walipanda, mvua ya Aprili ikanyesha, na udongo uliogeuzwa ukawa laini kama unga. Siku moja Mzee Leonidas akatoka ndani na birika na vikombe, akaviweka ukingoni mwa ngazi. Akina mama wakaendelea kusimama. "Kaeni mnywe," akasema. "Hamko gwaride." Akarudi ndani. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote kwa mwezi mzima.

Uzi wa mwisho ulipoingia ardhini na Coleta akauvuta kidogo akaona umeshika, akamwambia Steven afungue maombi. Wengi walikuwa wameshakwenda. Muuza nafaka alikuwa amepata watu wengine, masista waliamua kungoja mwaka kesho. Mwalimu wa Kizwite alikuwa bado anangoja, na alimgombeza Coleta tangu getini mpaka kwenye kiwanja, kisha akawapikia wote ugali wa ulezi. Walipiga ntumba chache wakati udongo ungali na unyevu, msimu ukafungwa. Steven alinuna, na alikuwa na haki yake ya kununa. Akina mama walirudi vijijini na kidogo kuliko walivyotarajia. Coleta aliyajua yote hayo, na hakumlaumu aliyemnung'unikia.

Mvua zilipokatika wakawa wanapokezana kumwagilia kwa ndoo, asubuhi na jioni. Mwisho wa Mei ukafika. Ukoka ulikuwa umerudi, kijani, mnene kuliko mwanzo mahali pengi, na mahali pengine pana vipara, hilo halifichiki. Kwenye vipara wakaweka viti. Coleta hakualikwa, alipita tu nje na mashine yake akielekea kazini, akasikia vigelegele, akachungulia getini. Herieth alikuwa amevua viatu, anacheza peku juu ya ukoka wa mama yake, na Mzee Leonidas amesimama kando na koti lake la mahakamani, anaitazama ile miguu. Coleta akaondoka kabla hajaonekana.

Nyota haikubadilika. Ipo mpaka leo, moja, na picha yake, na maneno yake, na jibu chini yake. Kila anayefungua Fyeka Leo huikuta. Na watu wa Katandala, ambao walikuwa wanangoja kuona Leonidas atasemaje, waliona alichosema na wakaona pia wanawake waliopiga magoti uwanjani kwake wiki baada ya wiki huku kazi nyingine zikiwangoja. Wakaanza kuagiza bila kumuuliza tena.

Mvua zilizofuata Coleta akaongeza kitu kimoja. Kabla ya mfyekaji yeyote kubonyeza moja, sauti yake sasa inamweleza neno la mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye, akiagiza, lazima ajibu swali: majani yako unayatupa, unayalisha, unayazika, au unayatazama? Wageni kutoka mikoa mingine hucheka wakilisoma. Mfipa hacheki, anajibu. Wa kulisha anapelekewa Nyanda. Wa kuzika anapelekewa Mama Kalista, ambaye siku hizi ana makundi ya wanawake mpaka Laela na Namanyere, na simu zake huzijibu kwa kupaza sauti kana kwamba simu ni bonde. Masista walirudi, muuza nafaka akarudi. Steven ameacha kutengeneza simu za watu, ana shughuli nyingi mno. Na binti wa Valerian ambaye kijiji kilimcheka, sasa kijiji hichohicho kinampigia kumuuliza kama hana nafasi ya mtu mwingine. Baba yake akiulizwa binti anafanya kazi gani, hujibu, "Anaonyesha watu milango," kisha hurudi kwenye mahindi yake, ili mwenye kuuliza aone mwenyewe.

Mwezi wa Machi uliopita, Coleta, Steven na Mama Kalista wakiwa kibandani, simu ikalia. Steven akaitazama, akaitazama tena, akampa Coleta. Ilikuwa oda ya Katandala, nyumba yenye bustani ya ukoka. Kwenye swali mwenye nyumba alikuwa amejibu: *Ninayatazama.* Na chini yake akaongeza: *Waje na mashine. Majembe wayaache kwao.*

"Nani huyo?" akauliza Mama Kalista. "Nisomee."

Coleta akamsomea. Mama Kalista akafunga kanga yake kiunoni.

"Mjibu," akasema. "Mwambie tutakuja na mashine. Majembe tutayaacha nje ya geti, pale anapoweza kuyaona."